Maswali ya Wasomaji: Swichi Janja za Kufifisha Mwanga

Barua za mwezi huu zimejaa swichi za kufifisha mwanga, zile ambazo mafundi wetu huziita dima, na hasa dima janja zinazopokea amri kutoka kwenye simu bila waya. Waandishi wengi wanauliza kuhusu programu ya simu, na ni wachache tu wanaouliza kuhusu nyaya na balbu, ilhali karibu kila tatizo nililolisoma limeanzia huko. Kwa hiyo nimezipanga barua kwa kuufuata umeme wenyewe, kutoka kwenye boksi la ukutani hadi kwenye taa, na simu nimeiacha ingoje zamu yake.

*Shikamoo fundi. Kaka yangu anayeishi Minneapolis amenitumia dima janja nne kwa mkono wa jirani aliyekuja likizo. Ni nzuri kwelikweli, ila nyuma zimeandikwa 120 V, 60 Hz. Fundi wa mtaani kwetu anasema nikinunua transfoma zitafanya kazi bila shida. Nimsikilize?*
— Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam

Marahaba. Usimsikilize, wala usizifunge hata moja kwa kujaribu tu.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230, na Kenya ni wa volti 240, wote kwa hezi 50. Wa Marekani ni wa volti 120 kwa hezi 60. Chaja ya simu yako haijali tofauti hiyo kwa sababu imeundwa kupokea umeme wowote kati ya volti 100 na 240, na ukiisoma ubavuni utayaona maandishi hayo. Dima iliyoandikwa 120 V peke yake haina uvumilivu huo. Mara nyingi ndani yake mna kikinga-mshtuko kidogo ambacho kazi yake ni kungoja umeme uzidi kiwango kisha kuumeza, na kwa kikinga hicho volti zetu 230 ni sawa na radi isiyokoma. Tena, pale ambapo joto hupanda kwa mraba wa volti, kifaa kilichoundwa kwa volti 120 kikipewa 230 hupata joto linalozidi mara tatu na nusu ya lile lililokusudiwa. Swichi hiyo imo ndani ya ukuta wako, karibu na pazia, na haitakupa onyo kabla ya kuungua.

Kuhusu transfoma, fundi wako hakukosea kihesabu, amekosea kimatumizi. Transfoma ingelazimika kulisha mzunguko mzima wa taa, na kila balbu katika mzunguko huo ingelazimika kuwa ya volti 120. Siku balbu ikiungua, mtoto akatumwa dukani akarudi na balbu ya kawaida ya volti 230, utaanza upya kujiuliza kwa nini taa haiwaki sawasawa. Zaidi ya hapo, boksi la swichi la Marekani ni mstatili uliosimama, nasi tumerithi bamba la mraba la Uingereza lenye milimita 86 kila upande, kwa hiyo ungevunja ukuta ili kufunga kitu ambacho hakikuwekwa kwa ajili ya umeme wako. Na ikiwa dima hizo ni za Z-Wave, mmoja wa mifumo ya redio ya vifaa janja, kuna kikwazo kingine ambacho hata transfoma haikitatui: za Marekani huzungumza kwa masafa ya megahezi 908, na za Ulaya kwa megahezi 868, hivyo hazisikilizani.

Zirudishe kwa jirani huyohuyo akiondoka. Kaka yako akitaka kukutumia kitu kitakachokufaa, mwambie atume rimoti za betri za Zigbee, mfumo mwingine wa redio wa vifaa janja, kwa kuwa Zigbee ya majumbani hutumia gigahezi 2.4 karibu kila mahali na betri haijui habari za volti za ukutani. Dima yenyewe inunue hapa, iwe imeandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50.

*Ndugu mhariri, nimenunua dima janja ya volti 230. Karatasi ya maelekezo inataka waya wa nyutro. Tulipoifungua swichi ya sebuleni tulikuta nyaya mbili tu, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mimi nasema mweusi ndio nyutro, fundi wangu hataki kabisa kukubali. Nani ana haki?*
— Msomaji wa Tanga

Fundi wako ana haki, na mpe soda kwa kukukatalia.

Ni kweli kwamba katika rangi za zamani tulizozirithi kutoka Uingereza mwekundu ni laivu, waya unaoleta umeme, na mweusi ni nyutro, unaokamilisha njia yake, na katika rangi mpya kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya njano ni ethi, waya wa usalama unaoingia ardhini. Lakini rangi inaeleza ganda la waya tu. Nyumba nyingi za kwetu zilifungwa nyaya kwa mtindo wa kupeleka laivu na nyutro juu darini, kwenye taa, kisha kuteremsha nyaya mbili tu hadi kwenye swichi: mmoja unaleta laivu, na wa pili unairudisha juu kwenye taa pale swichi inapowashwa. Fundi aliyetumia waya wa nyuzi mbili alikuwa na mwekundu na mweusi mkononi, na huo mweusi ndio uliobeba marejeo. Ni laivu iliyovaa nguo za nyutro. Fundi makini huuzungushia utepe mwekundu kwenye ncha ili atakayekuja baadaye asidanganyike, lakini mafundi makini hatukuwa nao wote siku nyumba zetu zilipojengwa.

Namna ya kuhakikisha ni kupima kwa mita, na apime mwenye leseni: Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati. Mwone akifanya mambo mawili kabla hajagusa kitu. Kwanza azime breka ya mzunguko huo kwenye ubao wa umeme, kwa kuwa kuzima swichi ya ukutani peke yake huacha laivu hai ndani ya boksi. Pili aijaribu mita yake mahali anapojua pana umeme, apime kwenye boksi, kisha arudi kuijaribu tena palepale pa kwanza, maana mita iliyokufa haimfichi mtu umeme kwa makusudi, inamficha kwa ukimya.

Sasa, dima inahitaji nyutro kwa kazi gani? Swichi ya kawaida haili kitu, ni mlango tu. Dima janja ina redio ndani yake, na redio hiyo lazima iwe macho usiku na mchana ingoje amri, hata taa ikiwa imezimwa. Kwa hiyo inahitaji njia yake ya kupata umeme, na njia iliyonyooka ni kati ya laivu na nyutro. Marekani waliliona hilo mapema kidogo: kanuni zao za umeme katika toleo la mwaka 2011 zilianza kudai kwamba nyutro ifike kwenye boksi nyingi za swichi za taa, na ndiyo sababu vifaa vingi vilivyobuniwa huko vinaichukulia nyutro kuwa jambo la kawaida.

Wewe wa Tanga una njia nne. Ya kwanza ni kuvuta waya wa nyutro kutoka darini hadi kwenye boksi, na kama nyaya zako zimepita ndani ya mabomba ya plastiki na bomba halijajaa, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mimi ningeanza hapo. Ya pili ni kuirudisha dima hiyo na kuchukua isiyohitaji nyutro. Hii hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya balbu yenyewe hata ikiwa imezimwa. Balbu ya nyuzi ya zamani haikuutambua umeme huo, lakini balbu ya LED huukusanya tone kwa tone mpaka ukatosha kuiwasha kwa kitambo, ndipo mtu anaposhtuka usiku wa manane akiona taa iliyozimwa inapepesa. Tiba yake ni kapasita ndogo maalumu inayofungwa kwenye taa, sambamba na balbu, ili umeme huo upite pembeni. Viwanda vingi huiweka ndani ya boksi la dima yenyewe, kwa hiyo usiitupe pamoja na makaratasi. Ya tatu ni kuachana na boksi la ukutani na kufunga moduli ndogo ya dima juu darini, mahali ambapo laivu na nyutro zote zipo, kisha swichi yako ya zamani ikabaki kuwa kitufe cha kuiamuru, mradi moduli ipate mahali pakavu na penye hewa. Ya nne ni balbu janja na rimoti ya betri iliyobandikwa ukutani, ambayo haina waya wa kuhangaikia, ila inataka kila mtu nyumbani aache kuizima taa kwa swichi ya zamani, na nyumba yenye wageni na watoto haiwezi kutii sharti hilo kwa wiki nzima.

Njia ya tano utaisikia kijiweni: kuitumia ethi badala ya nyutro kwa kuwa "zote zinaishia ardhini". Hiyo usiikubali kwa mtu yeyote. Ethi ipo ili iwe kimya mpaka siku ya hatari, na ukiipitishia umeme wa kila siku, kikata-umeme cha usalama kitakuwa kinaruka ovyo kama kipo. Kama hakipo na waya wa ethi ukikatika mahali, magamba yote ya chuma yaliyounganishwa nao baada ya hapo yanaweza kubeba umeme.

*Dima imefungwa vizuri na inasikia simu, lakini nikiteremsha mwanga chini ya theluthi moja balbu zinachezacheza, na swichi inatoa mlio kama nyuki. Nimebadilisha dima mara mbili. Je, nimeuziwa bandia?*
— Msomaji wa Nakuru

Inawezekana, lakini kabla ya kumlaumu muuza dima, zitazame balbu.

Dima haipunguzi volti kama mtu anavyopunguza maji kwa koki. Zamani ilikuwa hivyo: ukinzani uliwekwa njiani na umeme uliozuiwa ukageuka joto. Dima ya kisasa ilipatikana New York mwaka 1959, pale mvumbuzi Joel Spira alipofikiri kuukata umeme badala ya kuuzuia. Umeme wetu wa hezi 50 hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na dima hukata kipande cha kila wimbi, mara 100 kila sekunde, haraka kiasi kwamba jicho huona mwanga uliopungua tu. Aina ya kwanza hukata mwanzo wa wimbi, kisha umeme huruka ghafla ukiwa tayari uko juu. Aina ya pili huruhusu wimbi lipande taratibu na kulikata mwishoni. Balbu ya nyuzi haikujali, kwa sababu uzi uliowaka moto haupoi ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Balbu ya LED ina saketi ndogo kitakoni mwake, na saketi hiyo ikipigwa na umeme unaoruka ghafla mara 100 kwa sekunde hulalamika, na mlio wa nyuki unaousikia hutokana na kuruka hukohuko.

Kwa hiyo kwa LED tafuta dima ya aina ya pili. Nyuma ya dima nyingi za mtindo wa Ulaya kuna herufi: R na L huonyesha inayokata mwanzo, R na C huonyesha inayokata mwisho, na ikiwa na zote tatu basi inaweza kazi zote mbili. Halafu soma boksi la balbu. Kama halijaandikwa waziwazi kwamba balbu inakubali kufifishwa, chukulia kwamba haikubali, na hii ndiyo hali ya balbu nyingi za bei ya chini. Zile za kizazi kilichopita, za mirija iliyojisokota, ambazo tulizoea kuziita enaji seva, usizihusishe na dima kabisa isipokuwa zimeandikwa hivyo.

Jambo lingine ambalo barua yako haikulitaja ni idadi ya balbu. Dima ina kiwango cha juu na cha chini cha mzigo. Ile inayodai wati 10 kwa uchache, ukiifunga kwenye balbu moja ya wati 5, haitatulia. Wala usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa mbele: wati 400 ni za balbu za nyuzi, na kwa LED dima hiyohiyo huandikiwa kiwango kidogo zaidi, mara nyingi kwa maandishi madogo pembeni.

Ukishakuwa na balbu sahihi na bado zinacheza zikifika chini kabisa, ingia kwenye programu utafute mpangilio wa kiwango cha chini. Teremsha mpaka balbu zianze kucheza, panda kidogo, hapo ndipo pafanye kuwa sifuri yako. Hutapoteza sana. Jicho la binadamu halipimi mwanga kama mita. Mwanga ukishuka hadi sehemu moja ya kumi, jicho huuona kama umebaki karibu theluthi, kwa hiyo dima inayoishia asilimia 10 haina giza la kukutosha kuangalia filamu, lakini kwa mlo wa usiku inatosha na kubaki.

*Assalaam alaykum. Naishi Mji Mkongwe. Dima inawaka na kuzima kwa kidole, lakini programu ya simu inaitafuta hadi inachoka. Nimejaribu siku tatu. Ruta ni mpya na simu ni mpya.*
— Msomaji wa Unguja

Waalaykum salaam. Upya wa ruta ndio unaonitia shaka.

Swichi nyingi za Wi-Fi hufahamu masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta mpya hutoa 2.4 na 5 kwa pamoja na kuyapa jina moja, kisha huchagua yenyewe simu iingie upi. Simu yako mpya inaingia 5, swichi inangoja kwenye 2.4, na programu inajaribu kuwakutanisha watu waliokaa vyumba viwili. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, yape masafa hayo majina mawili tofauti au uyazime ya 5 kwa dakika kumi, uiunganishe simu kwenye 2.4, kisha ubonyeze kitufe cha dima na kukishikilia mpaka kitaa chake kianze kupepesa kwa kasi. Sekunde ni ngapi hutegemea kiwanda, mara nyingi ni kati ya 5 na 10. Wakati huohuo zima data ya laini ya simu, maana simu ikiona mtandao wa muda ambao swichi huutoa wakati wa kuunganishwa hauna intaneti huuhama kimyakimya na kurudi kwenye laini; zima na VPN kama unayo, na uiruhusu programu kutumia Bluetooth na mahali ulipo, kwa kuwa bila ruhusa hizo simu nyingi huizuia isitafute vifaa vilivyo jirani. Neno la siri la Wi-Fi liandike kwa utulivu. Nimeona mtu aliyebadilisha ruta nzima kwa sababu ya herufi kubwa moja.

Sasa nyumba yako. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko tofali lolote tunalojengea leo, na masafa ya redio huchoka ndani yake. Kama swichi iko chumba cha tatu kutoka kwenye ruta, huenda ikaunganishwa ukiwa umeisogeza ruta karibu, kisha ikapotea ukishairudisha mahali pake. Kwa nyumba ya namna hiyo mimi ningechagua Zigbee badala ya Wi-Fi. Inahitaji kitovu chake, kisanduku kidogo kinachounganishwa na ruta, lakini vifaa vyake vilivyo kwenye umeme wa kudumu hupokezana ujumbe kutoka chumba hadi chumba, kama ndoo za maji kwenye msururu wa watu. Zingatia kwamba dima zisizo na nyutro kwa kawaida hazipokezi ujumbe wa wenzao, zinasikiliza tu, kwa hiyo weka soketi janja moja ukumbini ifanye kazi hiyo. Na ukipenda bamba la shaba la kizamani juu ya swichi, liache: antena iko nyuma ya bamba, na chuma huifunga mdomo.

Jambo dogo litakalokuokoa siku moja: kama dima yako ni ya mfumo wa Matter, ambao toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022 ili vifaa vya viwanda tofauti visikilizane, piga picha msimbo wa QR na tarakimu zake kabla ya kuikaza ukutani. Stika hiyo mara nyingi hubandikwa mgongoni mwa kifaa, na bila msimbo huwezi kukiunganisha upya isipokuwa kwa kuzima breka na kushika bisibisi.

*Kwetu umeme hukatika na kurudi usiku. Ukirudi, taa zote za dima huwaka kwa mwanga kamili saa nane za usiku na kumwamsha mtoto. Pia bando likiisha, ratiba ya taa ya nje hufa. Hii janja ni ya namna gani?*
— Msomaji wa Kisumu

La kwanza lina dawa ya haraka. Ndani ya programu kuna mpangilio unaoeleza swichi ifanye nini umeme unaporudi: iwake, izimike, au irudi ilivyokuwa. Viwanda vingi huiacha kwenye kuwaka au kurudi ilivyokuwa. Za vyumba vya kulala ziwekee kuzimika. Ya ngazi iachie irudi ilivyokuwa.

La pili ni la msingi zaidi, na ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kulipa. Kuna swichi zinazohifadhi ratiba ndani yake au kwenye kitovu cha nyumbani, na kuna zinazongoja kuamriwa na kompyuta iliyo nchi ya mbali, ambazo bando likiisha hubaki kuwa swichi za kidole. Kujua yako ni ipi ni rahisi: acha ruta iwake, chomoa waya wa intaneti tu, au toa laini ya simu ndani ya ruta, kisha ungoje saa ya ratiba ifike. Zipo pia ambazo huhifadhi ratiba lakini hazina saa ya kudumu, hivyo umeme ukikatika husahau wakati na kuuliza tena kwenye intaneti; umeme ukirudi bando likiwa limeisha, hazijui kama ni asubuhi au jioni. Wewe uliye karibu kabisa na ikweta una nafuu moja ambayo watu wa Ulaya hawana: saa ya kuzama kwa jua kwako hubadilika kwa kama nusu saa tu mwaka mzima, kwa hiyo huna haja ya ratiba inayofuata jua. Weka saa moja isiyobadilika, ukikumbuka kwamba programu huhesabu kizungu na saa moja ya usiku kwake ni 19:00.

*Taa ya ngazi yangu ina swichi mbili, moja chini na moja juu. Naweza kufunga dima janja mbili?*
— Msomaji wa Arusha

Dima mbili za kawaida kwenye taa moja hazipatani. Kila moja hukata wimbi ambalo nyingine imeshalikata. Funga dima moja tu, na upande wa pili uweke kitufe mwenzake kinachotengenezwa na kiwanda hichohicho au rimoti ya betri. Nyaya za tuwei zilizokuwa zikipita kati ya swichi hizo zitabadilishwa kazi kulingana na mchoro wa dima yako, na zile zitakazobaki bila kazi zifungwe kwenye konekta upande wote wawili, zisiachwe zikining'inia ndani ya boksi. Pima pia kina cha boksi. Dima janja hunenepa nyuma, na nyingi za mtindo wa Uingereza hudai boksi la milimita 35, ilhali boksi za zamani za ukutani huwa na 25 au hata 16.

*Je, dima hiyohiyo inaweza kupunguza kasi ya feni ya darini?*
— Msomaji wa Mombasa

Hapana. Feni ina mota, na mota inayolishwa mawimbi yaliyokatwakatwa na dima ya taa hunguruma, hupata joto na hufupisha maisha yake na ya dima pia. Rigyuleta ya feni iache palepale ilipo, au ununue kidhibiti janja kilichoandikwa kuwa ni cha feni.

*Nataka kufunga dima janja kumi na mbili nyumba nzima ili nipunguze matumizi ya LUKU. Nitaokoa kiasi gani?*
— Msomaji wa Morogoro

Tupige hesabu pamoja. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 1.35 kwa mwezi. Ukiififisha hadi nusu kila usiku bila kukosa, utaokoa kama theluthi mbili za uniti. Lakini redio iliyo ndani ya dima hailali. Dima inayokula wati 1 usiku na mchana humaliza uniti 0.72 kwa mwezi, yaani zaidi ya ulichookoa, na hata ile ya nusu wati huondoa zaidi ya nusu ya faida. Dima kumi na mbili za wati 1 ni karibu uniti 9 kila mwezi kabla hujawasha taa hata moja.

Zinunue kwa ajili ya starehe, kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, au kwa ajili ya mwanga mdogo wa kunyonyeshea usiku. Hizo ni sababu nzuri, na kwa hizo ningefunga mbili au tatu, sebuleni na chumbani. Kwa ajili ya LUKU tazama kwingine. Umeandika mwishoni mwa barua yako kwamba taa ya barazani bado ni balbu ya nyuzi ya wati 60. Kwa saa hizohizo 5 hiyo peke yake hula uniti 9 kwa mwezi, na ukiweka LED ya wati 9 utabakiwa na zaidi ya uniti 7 mkononi, bila swichi janja na bila simu.